Je, Wajua? Gati la Kigoma na Meli Iliyozama Mara Mbili

Reli ya Kati inaanzia Dar es Salaam na kuishia Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Msafiri akishuka stesheni hana haja ya kutembea sana, kwani bandari iko pale pale chini. Kuanzia mwaka 1927 gati hilo limekuwa nyumbani kwa MV Liemba, meli iliyowavusha wakulima, wafanyabiashara, wanafunzi, maharusi na wakimbizi kwa vizazi vitatu au vinne. Wengi wameisikia, na wengine wameipanda. Lakini historia ya gati hilo na meli yake ina mambo mengi ambayo hayafundishwi shuleni. Tumekukusanyia baadhi yake.

Je, wajua kwamba zamani bandari ilikuwa Ujiji?

Kabla ya Kigoma kuwa mji, njia kuu ya misafara kutoka pwani iliishia Ujiji, kilomita chache kusini mwake. Hapo ndipo zilipokutana pembe za ndovu kutoka Manyema, chumvi ya Uvinza, vitambaa na shanga za pwani, na kwa masikitiko makubwa, watu waliokamatwa utumwani. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857 na kufika Ujiji Februari 1858, safari ya zaidi ya miezi saba. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone papo hapo.

Ziwa lenyewe ndilo lililoigeuka Ujiji. Hadi mwaka 1878 maji yalikuwa yamepanda sana, kwa kuwa Mto Lukuga, njia pekee ya maji kutoka ziwani kuelekea Kongo, ulikuwa umezibwa na tope na magugu. Kizuizi kilipovunjika maji yalianza kushuka, na kabla ya karne kuisha yalikuwa yamepungua kwa takriban mita 10. Ufuko wa Ujiji ni tambarare, kwa hiyo maji yalirudi nyuma mbali sana. Leo ukifika penye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley unalazimika kutembea kidogo ndipo uyaone maji. Ghuba ya Kigoma, kwa upande wake, ina kina kirefu na imekingwa na vilima dhidi ya upepo. Wajerumani walipotafuta mahali pa kuishilizia reli waliichagua Kigoma.

Je, wajua kwamba reli ilifika ziwani miezi michache tu kabla ya vita?

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwezi Februari 1914. Ni kama kilomita 1,250 za reli zilizokatiza nyika, mabwawa na misitu ya miombo, zilizojengwa kwa jasho la maelfu ya vibarua wa Kiafrika. Safari iliyokuwa ikichukua miezi ikawa ya siku chache. Miezi sita baadaye, Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikaanza Ulaya, na gati lililokusudiwa kwa biashara likageuka kambi ya kijeshi.

Je, wajua kwamba meli hii ilisafirishwa ikiwa ndani ya makasha?

Ziwa Tanganyika halina njia ya meli kutoka baharini. Basi meli yenye urefu wa takriban mita 70 ilifikaje? Ilijengwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, mjini Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani. Mafundi waliiunganisha kwanza ili wahakikishe kila kipande kinakaa mahali pake, kisha wakaifungua yote, wakavitia vipande alama na kuvipakia kwenye makasha yapatayo 5,000. Makasha hayo yalisafirishwa kutoka Hamburg hadi Dar es Salaam, yakapakiwa kwenye treni hadi Kigoma.

Mafundi watatu wa Papenburg, wakiongozwa na Anton Rüter, walifuatana na mzigo huo ili kusimamia kazi ya kuiunganisha tena. Kazi yenyewe ilifanywa na mafundi wa Kihindi na vibarua wengi wa Kiafrika. Mabati ya meli za wakati ule hayakuchomelewa kwa umeme kama ya leo. Yalishikanishwa kwa ribiti: kipande cha chuma kinapashwa moto hadi kiwe chekundu, kinasukumwa kwenye tundu lililopita mabati mawili, mtu mmoja anakishikilia upande huu na mwenzake anakigonga kwa nyundo upande wa pili hadi kitanuke na kukaza. Kila ribiti ilihitaji mikono ya watu kadhaa, na zilihitajika ribiti nyingi mno. Tarehe 5 Februari 1915 meli iliteremshwa majini, na katikati ya mwaka huo ikaanza kazi.

Je, wajua kwamba mwanzoni iliitwa kwa jina la gavana wa enzi za Maji Maji?

Wajerumani waliiita Graf von Götzen. Gustav Adolf von Götzen alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906, na Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905 yeye ndiye aliyekuwa madarakani. Katika kuvizima vita hivyo, majeshi ya kikoloni yalichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula kusini mwa Tanganyika. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Kwa hiyo meli ilipoteremshwa majini Kigoma ilibeba jina ambalo kusini mwa nchi hiyo hiyo lilikuwa la msiba.

Kazi yake ya kwanza pia ilikuwa ya vita. Ilifungwa mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg, ile iliyozamishwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Ikawa inasafirisha mamia ya askari kwa mkupuo mmoja kutoka Kigoma hadi Bismarckburg, mji tunaoujua leo kwa jina la Kasanga, mkoani Rukwa. Njia ile ile ya askari ndiyo iliyokuja kuwa njia ya abiria.

Je, wajua kwamba Waingereza walizivusha boti mbili milimani ili wapigane ziwani?

Kwa kuwa Wajerumani ndio waliotawala ziwa, Waingereza walipeleka boti mbili za injini, kila moja ikiwa na urefu wa takriban mita 12. Zilitoka Uingereza hadi Cape Town kwa meli, zikapanda treni hadi Katanga, kisha zikakokotwa kwa trekta za mvuke na maksai kupita milima ya Mitumba. Zikaendelea kwa treni tena, zikateremka Mto Lualaba, zikapanda treni nyingine hadi ziwani, karibu na mji wa sasa wa Kalemie. Kamanda wa kikosi kilichozileta, Geoffrey Spicer-Simson, alipendekeza ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake walikataa, akazipa majina Mimi na Toutou, ambayo kwa watoto wa Kifaransa ni majina ya paka na mbwa.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka meli ndogo ya Kijerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 kikosi hicho kikaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Lakini Graf von Götzen ilipojitokeza, kamanda huyo hakuthubutu kuikabili. Ilikuwa kubwa mno kwake.

Je, wajua kwamba mafundi walioizamisha ndio walioiokoa?

Katikati ya mwaka 1916 Wabelgiji walikuwa wakiikaribia Kigoma kwa nchi kavu, na ndege zao za majini zilikuwa zimeshadondosha mabomu bandarini. Wajerumani wakaamua kuondoka, na wakaamriwa wasiiache meli mikononi mwa adui. Rüter na wenzake walitii amri hiyo kwa namna yao. Walizipaka injini grisi nzito kila mahali ili maji yasizile, wakaipakia meli mchanga ili itulie chini, na tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha taratibu kusini mwa Kigoma, mahali ambapo maji si ya kina kirefu. Katika ziwa lenye kina cha hadi mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi, wangeweza kuipoteza milele kama wangetaka. Walichagua mahali ambapo ingeweza kupatikana.

Baada ya vita Wabelgiji waliinyanyua na kuivuta hadi Kigoma, lakini mwaka 1920 ikazama tena, ikiwa imetia nanga. Waingereza, waliokabidhiwa Tanganyika na Umoja wa Mataifa wa wakati ule, ndio walioiibua kwa mara ya mwisho, tarehe 16 Machi 1924. Walipoikagua wakakuta injini na boila bado zinafaa kutumika, baada ya kukaa chini ya maji miaka mingi. Wakaikarabati, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya: Liemba, jina la ziwa hilo ambalo Livingstone alilisikia likitumiwa na wakazi wa kusini mwake.

Je, wajua kwamba sehemu ya bandari ya Kigoma ilipangishwa kwa faranga moja kwa mwaka?

Wabelgiji waliishikilia Kigoma kuanzia 1916 hadi 1921. Walipoiachia hawakuondoka mikono mitupu. Kongo yao, pamoja na Rwanda na Burundi walizokabidhiwa baada ya vita, zilihitaji njia ya kufika Bahari ya Hindi. Kwa mkataba wa mwezi Machi 1921, Uingereza iliipangisha Ubelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, bila ukomo wa muda. Maeneo hayo yalijulikana kama Belbase.

Tanganyika ilipokaribia uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alilikataa jambo hilo waziwazi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: Uingereza haikuwa mwenye nchi, ilikuwa mwangalizi aliyekabidhiwa kwa muda, na mwangalizi hana haki ya kugawa mali ya mwenye nyumba hata milele. Katika hotuba yake bungeni mwishoni mwa Novemba 1961 alieleza pia kwamba mikataba mingine ambayo Uingereza iliweka na nchi mojamoja kwa niaba ya Tanganyika ingeendelea kwa miaka miwili tu baada ya uhuru, ili kila mmoja ujadiliwe upya. Msimamo huo unafundishwa hadi leo katika sheria za kimataifa kwa jina lake Nyerere, na ndio msingi ambao Tanganyika iliutumia kukataa kufungwa na mkataba wa mwaka 1929 wa maji ya Mto Nile. Gati la Kigoma, basi, lilichangia kuwafundisha mawakili wa dunia.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi meli hii ilitia nanga mahali pasipo na gati?

Njia ya Liemba ilikuwa kutoka Kigoma kwenda kusini hadi Mpulungu, nchini Zambia, safari ya siku mbili hivi, na zaidi ikiwa mizigo ni mingi. Njiani kuna vituo kama Lagosa, unaposhukia ukienda hifadhi ya Mahale, kisha Karema, Kipili, Kirando na Kasanga. Kwa sehemu kubwa ya maisha ya meli hiyo, magati ya kuegeshea yalikuwa Kigoma, Kasanga na Mpulungu tu. Kwingine kote ilisimama nje, majini, ikapiga honi.

Siku hizo honi ikilia, hata kama ni usiku wa manane, ufukoni taa zinawaka na mitumbwi na boti za mbao zinaondoka mbio kuelekea kwenye meli. Kila nahodha wa boti anataka awe wa kwanza kufika kwenye mlango wa ubavuni. Boti zinabanana, zinagongana, mtu anarusha kamba, mwingine anaidaka. Anayeshuka anasubiri wimbi liinue boti ndipo aruke. Anayepanda anashikwa mkono na watu asiowajua na kuvutwa ndani. Mtoto mchanga anapokezwa mikononi kwanza, mama anafuata, kisha godoro, kuku, mabeseni na baiskeli. Wakati huo huo magunia ya dagaa wakavu, migebuka, mihogo, mahindi na madumu ya mawese yanapanda, huku mwenye mzigo akihesabu kwa sauti ili lisipotee hata moja. Baadaye boti zinaachia, honi inalia tena, na meli inashika njia.

Meli hiyo ilikuwa ikibeba abiria wapatao 600 na mizigo ya tani 200. Kwa vijiji ambavyo barabara haikupita, au ilipitika kiangazi tu, meli hiyo ndiyo iliyokuwa basi lao, lori lao na gari lao la wagonjwa. Katika miaka ya karibuni Serikali imejenga magati kwenye vituo kadhaa vya mwambao huo, Karema ikiwamo, na ni jambo la kushukuru sana, kwa sababu kuruka kutoka kwenye mtumbwi usiku si jambo la mzee wala mjamzito.

Je, wajua kwamba Jane Goodall na Che Guevara walipitia Kigoma?

Mwezi Julai 1960 binti wa Kiingereza aitwaye Jane Goodall alifika Kigoma na mama yake, akiwa njiani kwenda Gombe kuwachunguza sokwe. Aliukuta mji umejaa Wabelgiji waliovuka ziwa kwa hofu baada ya Kongo kupata uhuru wake Juni 30. Yeye na mama yake wakasaidia kuwaandalia chakula, na kwa muda wakapiga hema kwenye viwanja vya gereza. Tarehe 14 Julai alipanda boti hadi Gombe, na utafiti alioufungua siku hiyo umeendelea hadi leo.

Miaka mitano baadaye, Aprili 1965, Ernesto Che Guevara na kikundi cha Wakuba walivuka ziwa kwa boti kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia wapiganaji wa Kongo. Majina yao ya siri yalikuwa ya Kiswahili, na Che mwenyewe aliitwa Tatu. Mwezi Novemba mwaka huo huo walirudi Kigoma, mapambano yakiwa yameshindikana.

Je, wajua kwamba hadithi ya meli hii ilifika Hollywood?

Mapigano ya ziwani ya mwaka 1915 na 1916 yalimpa mwandishi wa Kiingereza C. S. Forester wazo la riwaya yake The African Queen ya mwaka 1935. Mwaka 1951 ikawa filamu, na mwigizaji wake mkuu, Humphrey Bogart, akapata tuzo ya Oscar. Picha za Afrika zilipigwa Uganda na Kongo, kwa hiyo Liemba yenyewe haionekani hata mara moja. Wakati huo iliendelea kubeba dagaa na abiria wake.

Je, wajua kwamba meli ya vita iliwarudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 kwao?

Miongoni mwa kazi zote za meli hii, hii ndiyo inayostahili kukumbukwa kwanza. Mwaka 1997, baada ya utawala wa Mobutu kuanguka nchini Kongo, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliikodi Liemba kuwarudisha makwao Wakongo waliokuwa wamekimbilia Tanzania. Katika muda wa miezi mitano ilikwenda na kurudi kati ya Kigoma na Uvira, na ikavusha watu zaidi ya 75,000.

Mwaka 2015 ikaitwa tena. Makumi ya maelfu ya Warundi walikuwa wamekimbia machafuko na kufika Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kilichobanwa kati ya milima na ziwa, karibu kabisa na mpaka. Hakukuwa na barabara ya gari, na kipindupindu kilikuwa kimeshaingia. Liemba ilikwenda na kurudi ikichukua watu wapatao 600 kwa safari, ikawashusha Kigoma, ambako walipokelewa na kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Gati lililojengwa na watawala wa kikoloni limekuwa mlango wa kuwaokoa watu, na mlango huo haukuwauliza Wabelgiji wa 1960, Wakongo wala Warundi ni wa kabila gani.

Kabla hujafunga ukurasa

Mitambo ya mvuke ya Liemba iliondolewa miaka ya 1970 na mahali pake pakafungwa injini za dizeli. Meli imekarabatiwa tena na tena, na katika miaka ya karibuni ilisimamishwa safari kwa ajili ya matengenezo makubwa. Wapo wanaoona ingefaa kuwa jumba la makumbusho. Kwa maoni yetu, meli hii inastahili heshima zote mbili: ihifadhiwe kama urithi, na iendelee kuelea na kubeba watu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi iliyoipatia heshima yenyewe.

Lakini kuna urithi mwingine unaopotea kwa kasi zaidi kuliko chuma. Jina la Anton Rüter limo vitabuni. Majina ya waliobeba makasha, waliogonga ribiti, waliopiga mbizi kuiibua meli, na makuli, mabaharia na manahodha walioiendesha kwa karibu karne nzima hayatajwi sana. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Ikiwa kwenu Kigoma, Ujiji, Kirando, Kasanga, Mpulungu, Uvira au Kalemie kuna mzee aliyewahi kufanya kazi bandarini au melini, mwendee wiki hii. Mwulize jina la babaye na kazi aliyoifanya, mrekodi kwa simu yako, uandike tarehe, na nakala moja uipeleke kwenye maktaba au shule iliyo karibu nawe.